Kuitia Nyota Mwanyani

Msomaji wa pwani akisikia jina la Kilwa, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye magofu ya Kisiwani, kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, wala hakumbuki kwamba zaidi ya kilomita 1,200 upande wa magharibi, nyuma ya nchi yote ya Tanzania, ipo Kilwa nyingine, mji wa wavuvi na wachuuzi uliokaa ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika jimbo la Haut-Katanga, safari ya kilomita zipatazo 350 kutoka Lubumbashi kwa barabara ambayo wenyeji hawaisifu. Chombo hakiwezi kutweka tanga bandarini mwa Kilwa moja kikashusha nanga katika nyingine. Lakini kwa hesabu ya falaki miji hii ni majirani, kwa kuwa latitudo zake, zote zikiwa karibu na daraja 9 kusini mwa Ikweta, hazitofautiani hata kwa nusu ya daraja, na nyota ipitayo utosini mwa Kisiwani hupita utosini mwa Kilwa ya Mweru baada ya dakika zipatazo 45. Mojawapo ni ile ambayo Waarabu waliiita Saif, upanga wa Jabari (Orion), nayo hupita juu ya vichwa vya wavuvi wa Mweru karibu mno na utosi wenyewe, kwa umbali usiofika upana wa mwezi mpevu.

Jambo hili la nyota kupita utosini lina maana kubwa kwa kazi moja ya wanafalaki ambayo haizungumzwi sana magazetini, nayo ni kuiweka nyota juu ya mwanya wa spektografu. Chombo hicho huichukua nuru ya nyota, huipitisha katika mwanya mwembamba kuliko unywele, kisha huitawanya kwa kioo kilichochorwa mamia ya mistari sambamba katika kila milimita moja, hata nuru ile iliyokuwa nukta nyeupe ikawa utepe wa rangi, kuanzia urujuani hadi wekundu, wenye mistari myeusi hapa na pale. Katika mistari hiyo husomwa nyota imeumbwa kwa nini, joto lake ni kiasi gani, na kama inatujia au inatukimbia. Mengi ya tunayoyajua kuhusu nyota yalipita katika mwanya wa namna hiyo, na kabla hayajapita ilibidi mtu aketi gizani, mkono juu ya kitufe, aisogeze nyota kidogo kidogo mpaka ikae mahali pake. Watu husifu darubini kwa ukubwa wa kioo chake. Mimi naona kwamba katika elimu ya spektra sifa ya kwanza yamstahili yule aliyejua mahali pa kuiweka nyota.

Kuitafuta nyota na kuiweka mahali maalumu ndani ya chombo si kazi ngeni katika ukingo wa Mweru. Tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone alilifikia ziwa hili, baada ya kufuatana kwa muda na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja, akiwamo Hamed bin Muhammed ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip. Na katika mji wa Kazembe, kusini mwa ziwa, akamkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa pale kwa miaka mingi. Kila mbingu zilipomruhusu, Livingstone aliipima nyota kwa kipimapembe chake. Wasafiri wa bara, wasiokuwa na upeo wa bahari wa kupimia, walimimina zebaki katika kisahani, wakaitazama nyota na kivuli chake ndani ya zebaki hiyo, kisha wakageuza skrubu mpaka taswira hizo mbili zikalaliana zikawa moja. Hesabu zake alimpelekea Thomas Maclear, mwanafalaki mkuu wa Rasi ya Tumaini Jema, aliyekuwa rafiki yake na mwalimu wake katika fani hiyo. Latitudo alizipata vizuri, kwa kuwa urefu wa nyota inapovuka katikati ya mbingu hauhitaji saa; lakini longitudo zilimponyoka, maana mapema katika mwaka ule mchukuzi wa saa zake alianguka njiani, nazo zikatikisika zikaacha mwendo wake wa kawaida. Miaka thelathini baadaye, kati ya 1898 na 1900, Charles Lemaire, ofisa wa Kibelgiji, aliongoza safari ya elimu ya Katanga iliyopima tena kwa nyota mahali pengi pa nchi hii, na ramani za baadaye zilijengwa juu ya kazi ya namna hiyo.

Wakati Livingstone akihangaika na saa zake, huko kwingine nyota zilikuwa zimekwisha kuanza kuulizwa swali jipya. Yeye alilifikia Ziwa Bangweulu tarehe 18 Julai 1868. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 18 Agosti, jua lilipatwa kule Guntur katika India, na Mfaransa Jules Janssen akauelekeza mwanya wa spektoskopu yake kwenye ndimi za moto zilizochomoza ukingoni mwa jua. Mistari aliyoiona iling'aa mno hata akajisemea kwamba yawezekana kuiona hata bila ya kupatwa. Na asubuhi ya pili, jua likiwaka kama siku zote, akauweka mwanya ule sawasawa kando ya ukingo wa jua, pasipo kuliingiza jua lenyewe, na mistari ikatokea. Hapana kilichobadilika isipokuwa mahali pa mwanya. Mwingereza Norman Lockyer alifanya jambo hilo hilo nyumbani kwake mwezi wa Oktoba, bila ya kujua habari za mwenziwe, barua zao zikafika katika Akademia ya Paris siku moja, na Ufaransa ikapiga medali yenye nyuso zao wote wawili. Kutokana na mstari mmoja wa manjano ulioonekana katika kazi hiyo, ambao haukulingana na wa sodiamu, ikapatikana habari ya heli, elementi ambayo duniani haikutambulika mpaka 1895.

Hapo msomaji mwepesi wa fikira atauliza: jua ni duara pana, nalo lahitaji mwanya ili kipande chake kimoja kitengwe na vingine, lakini nyota ni nukta, na nukta ni nyembamba tayari, mwanya wa nini? Swali ni la haki, na wakubwa walilijua. Joseph Fraunhofer, ambaye mwaka 1814 aliihesabu mistari zaidi ya 500 katika nuru ya jua kwa kutumia mwanya uliopasuliwa dirishani, alizitazama nyota bila ya mwanya wowote. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1897, Frank McClean alichukua mche wake wa kioo kutoka Uingereza hadi Rasi, akaufunga mbele ya lenzi kubwa ya darubini ya pale, akazipiga picha nyota za kusini, na katika spektra ya Beta ya Msalaba wa Kusini akaona mistari aliyoihukumu kuwa ni ya oksijeni. Wengine hawakuridhika. Picha isiyokuwa na mwanya haina mahali pa kuwekea taa ya kulinganishia, na pasipo taa mtu hupima mistari ya nyota kwa mistari mingine ya nyota hiyo hiyo, mshitakiwa akawa shahidi wa nafsi yake. David Gill, mkuu wa kituo cha Rasi, akaifunga spektografu yenye mwanya katika darubini mpya ambayo McClean mwenyewe aliitoa zawadi, akaipiga tena picha nyota ile pamoja na nuru ya cheche ya duniani kando yake, na mwaka 1899 akatangaza kwamba oksijeni imo kweli. Ugomvi huo mdogo, uliokwisha kwa adabu, ulifanyika katika bara letu, nami sijui kwa nini haufundishwi mashuleni mwetu.

Sababu ya pili ya mwanya ni hewa. Nyota ni nukta huko iliko, lakini nuru yake ikishapita katika hewa ya dunia yenye matabaka ya joto na baridi yasiyotulia, hutufikia ikiwa doa linalotetemeka, ambalo katika mahali pazuri huwa na upana wa sekunde moja ya tao, na katika bonde la ziwa huweza kuwa sekunde tatu au zaidi. Sekunde ya tao ni sehemu moja katika 3,600 za daraja: sarafu yenye upana wa sentimita 2 ikishikwa na mtu aliye kilomita 4 mbali nawe, hivyo ndivyo inavyoonekana. Sasa chukua darubini ya kiasi, yenye kioo cha sentimita 20 na urefu wa fokasi wa milimita 2,000, ambayo mwalimu au chama cha wapenda nyota chaweza kuimiliki, na spektografu yenye mwanya wa mikroni 23, kipimo kinachopatikana sana katika vyombo vinavyouzwa Ufaransa kwa watu wasiokuwa na taasisi. Ukipiga hesabu, mwanya huo utaliona anga kwa upana wa sekunde 2.4 tu za tao. Doa la nyota likiwa na sekunde 3, basi hata ukiliweka katikati kabisa, karibu theluthi moja ya nuru iliyosafiri miaka mamia itaangukia kwenye midomo ya mwanya na kupotea. Mwanafalaki hukubali hasara hiyo kwa hiari yake, kwa kuwa akiupanua mwanya apate nuru nyingi, mistari nayo hupanuka ikavurugika.

Kazi yenyewe huanza kabla nyota haijatafutwa. Midomo ya mwanya hufanywa ya chuma au kioo kilichong'arishwa, nayo huinamishwa kidogo, ili nuru isiyoingia mwanyani irudishwe pembeni kwenye kamera ndogo ya kuongozea. Katika picha ya kamera hiyo huonekana kipande cha anga na nyota zake, na katikati hupita mstari mweusi, ambao ndio mwanya. Mstari huo lazima uwe mkali kwanza, kwa kuigeuza lenzi ya kamera; kisha ndipo darubini ifokasiwe mpaka nyota nayo iwe kali juu ya uso ule ule. Wanagenzi hupenda kuigeuza tartibu hii: huifokasi darubini hadi nyota ipendeze katika picha, hali kamera yenyewe inatazama mahali pengine, si kwenye midomo ya mwanya, nyota huonekana nzuri, kumbe katika mwanya imetawanyika, na spektra hutoka hafifu bila ya sababu inayojulikana. Anayeharakisha hapa ataadhibiwa saa mbili baadaye.

Kisha nyota huletwa. Kwanza kwa darubini ndogo ya kutafutia, halafu katika picha ya kamera, halafu kwa mwendo wa polepole kuliko ule wa mbingu zenyewe, robo yake au nusu yake, ikisogezwa kuelekea kwenye mstari mweusi. Inapokuwa mbali na mwanya, nyota yang'aa kwa ukamilifu wake. Ikiukaribia, upande mmoja hukatika. Na inapofika mahali hasa inapotakiwa, hutoweka. Hilo ndilo linalomshangaza kila mtu mara ya kwanza, kwamba alama ya kufaulu ni kutoiona nyota aliyoihangaikia, kwa kuwa nuru isiyorudishwa na midomo ya mwanya ndiyo iliyoingia ndani. Hubaki mabawa mawili hafifu, moja huku na moja huku, na mtaalamu huyatazama kama yamelingana: bawa la kulia likizidi, nyota imeelemea kulia, nayo hurudishwa kwa mguso mmoja wa kitufe. Siku hizi programu ya tarakilishi huyapima mabawa hayo kila baada ya sekunde chache na kuiongoza darubini yenyewe. Nyota ikiwa hafifu mno isiweze kuacha bawa lolote, huongozwa kwa nyota jirani, kwa kujua umbali uliopo kati ya hizo mbili. Katika enzi ya bamba za picha hapakuwa na msaidizi huyo. Mtu alikaa na jicho lake kwenye kioo kwa saa nzima au zaidi, katika baridi, akiirudisha nyota kila ilipotaka kutoka, na wakati mwingine akiitembeza makusudi kwa urefu wa mwanya ili spektra ipate upana wa kusomeka.

Uelekeo wa mwanya nao una hukumu yake. Mashine inayoifuata nyota huwa na meno, na meno huwa na kasoro zinazojirudia kila baada ya dakika kadhaa, zikiifanya nyota iyumbe mashariki na magharibi. Mwenye busara huulaza mwanya upande huo wa mashariki na magharibi, ili nyota ikiyumba iyumbe ndani ya mwanya na isitoke nje. Lakini kuna jambo jingine linalopingana na hilo. Hewa ya dunia huipinda nuru ya urujuani kuliko nyekundu, na kwa hiyo nyota iliyo chini karibu na upeo huwa imekwisha kutawanywa kabla haijafika kwenye chombo: ikiwa daraja 30 juu ya upeo, rangi ya urujuani na rangi nyekundu huachana kwa zaidi ya sekunde moja na nusu ya tao. Ukiiweka nyekundu katikati ya mwanya, urujuani umo nusu nje, na utaandika kwamba nyota ni nyekundu kuliko ilivyo. Dawa yake, ambayo Alexei Filippenko aliifafanua kwa majedwali mwaka 1982, ni kuusimamisha mwanya uelekee utosini, ili rangi zote zijipange ndani yake. Na hiyo ni njia tofauti na ile ya kuukinga ubovu wa meno. Mtu hulazimika kuchagua adui yupi wa kumwogopa zaidi.

Ndipo fadhila ya Kilwa inapoonekana. Nyota iliyo utosini haitawanywi na hewa hata kidogo, nuru yake hupita katika hewa kidogo iwezekanavyo, na mwanya waweza kulazwa upande wowote apendao mwenyewe. Kwa mtu wa Paris, Jabari hutembea katikati ya mbingu za kusini bila kupata kupanda juu. Kwa mtu wa Kilwa zote mbili, ile ya bahari na ile ya ziwa, Saif na Rijili, nyota nyingine ya Jabari, hupita juu ya paa la nyumba yake. Lakini kila neema ina masharti. Mashine za kisasa zinazokwenda juu na pembeni hushindwa hasa utosini, kwa kuwa pale hulazimika kuzunguka nusu duara kwa ghafla. Zile zinazozunguka mhimili wa dunia huhitaji kuelekezwa kwenye ncha ya kusini ya mbingu, nayo, kwa mtu wa Kilwa, iko daraja 9 tu juu ya upeo. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma ya Oktanti, ni hafifu hata mahali pazuri, sembuse katika ukungu na moshi. Isitoshe, mashine nyingi zimeundwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na skrubu yao ya latitudo haikukusudiwa kushuka hadi daraja 9, hata mwenye nayo hutafuta kabari ya kuinamishia. Njia iliyobaki ni ile ya zamani ya kuitazama nyota ikipotoka polepole, kusini au kaskazini, na kuusahihisha mhimili mpaka iache kupotoka. Inachukua sehemu kubwa ya usiku wa kwanza.

Na moshi nimeutaja kwa sababu yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu ya Katanga huondoka, lakini kadiri kiangazi kinavyozeeka nyasi za msitu wa miombo huchomwa, na mwezi wa Septemba jua huzama likiwa jekundu muda mrefu kabla halijafika upeoni. Taa za wavuvi wa chisense, wale dagaa wa Mweru wanaovutwa kwa mwanga usiku, si adui wa kuogopwa sana, kwa kuwa ziko mbali na kichwa, na mwanya wenyewe hukata sehemu kubwa ya nuru ya anga. Hiyo ni faida ya tatu ya mwanya, na katika mji wenye taa nyingi kama Lubumbashi ni faida iliyo kubwa.

Lakini sababu iliyowafanya wanafalaki wawe wakali kuhusu katikati ya mwanya ni kosa ambalo halionekani kwa macho. Nyota ikiwa nyembamba kuliko mwanya, nayo ikakaa kando badala ya katikati, spektra yote husogea kidogo upande mmoja, na msogeo huo hausemi kwamba umetokana na uzembe. Hujidai kuwa ni mwendo wa nyota. Katika chombo kinachoweza kupambanua sehemu moja katika elfu, upana wote wa mwanya ni sawa na mwendo wa kilomita 300 kwa sekunde. Nyota ikikosa katikati kwa sehemu ya kumi tu ya upana huo, imekwisha kupewa mwendo wa uongo wa kilomita 30 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa dunia yetu yote katika kulizunguka jua. Taa ya neoni na argoni inayowashwa kabla na baada ya picha haiwezi kulifichua kosa hilo, kwa sababu nuru ya taa huujaza mwanya wote, wala haijui nyota ilikaa wapi. Katika mwaka ule ule wa 1868, William Huggins alitangaza kwamba Shi'ra, nyota iliyotajwa katika Kurani, inatukimbia kwa kilomita zipatazo 47 kwa sekunde. Leo twajua kwamba inatukaribia, tena kwa kilomita 5 na nusu tu. Huggins alipima kwa jicho, na makosa yaliyomfikia yalikuwa na njia nyingi za kuingilia. Njia ilikuwa sahihi, tarakimu ikawa mbaya, na heshima yake haikupungua.

Katika Afrika ya leo, mahali ambapo kazi hii hufanywa kila usiku usiokuwa na mawingu ni Sutherland, katika Karoo ya Afrika Kusini. Pale ipo darubini ya inchi 74 iliyojengwa na Grubb Parsons wa Newcastle, ikafunguliwa Pretoria mwaka 1948, ambako David Thackeray na Michael Feast walizipima nyota za Mawingu ya Magellan, kisha ikahamishwa katika miaka ya 1970 kuikimbia mianga ya mji. Dada yake aliyetoka kiwanda hicho hicho yuko Kottamia, Misri, tangu 1964. Na pale Sutherland ipo pia darubini ya SALT, iliyozinduliwa na Rais Thabo Mbeki tarehe 10 Novemba 2005, yenye vioo 91 vya pembe sita vilivyopangwa kuwa kioo kimoja cha mita zipatazo 11. Kwa ajili ya kupunguza gharama darubini hiyo haipandi wala haishuki: imeinamishwa daraja 37 kutoka utosini daima, huzungushwa tu kwenye msingi wake, na kifaa kilicho juu ndicho kinachotambaa kuifuata nyota kwa kiasi cha saa moja mpaka iponyoke. Mwanafalaki wa zamu hupiga picha ya anga, huitambua nyota iliyoombwa, huhesabu umbali wake na mahali pa mwanya, huisogeza, hupiga picha tena kuhakikisha, ndipo huutia mwanya njiani. Mwezi wa Agosti 2017, mawimbi ya mvutano yalipoleta habari ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi ya NGC 4993, miaka milioni 130 ya nuru kutoka hapa, galaksi hiyo ilikuwa karibu na upande wa machweo, na SALT, isiyoweza kuinama zaidi ya ilivyoumbwa, ilibidi ilitie doa hilo mwanyani katika utusiutusi wa magharibi, anga likiwa bado na weupe. Spektra zilizopatikana zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za tukio hilo, ambalo limewafundisha wanafalaki mahali mojawapo zinapoundwa dhahabu na metali nyingine nzito.

Watu wa Katanga hawahitaji kusimuliwa thamani ya kujua kilichomo ndani ya kitu kwa kuitazama nuru yake. Shaba ikiunguzwa hutoa mwali wa kijani, na maabara za madini zimetumia spektra tangu zamani kuyahukumu mawe kabla hayajapelekwa tanurini. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulikuwa mmojawapo wa machimbo mashuhuri ya germaniamu duniani, elementi ambayo macho hayapenyi lakini miali ya joto hupita ndani yake, nayo hufanyiwa lenzi za kamera za infraredi. Naona uchungu kidogo ninapofikiri kwamba nchi iliyotoa malighafi ya macho haya imebaki bila ya jicho lake.

Mji wa Kilwa umetajwa katika magazeti ya ulimwengu kwa shaba na fedha za mgodi wa Dikulushi na kwa msiba wa mauaji ya raia wa Oktoba 2004, na si vibaya utajwe siku moja kwa jambo jingine. Sipendekezi SALT ya pili. Uwanda wa Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu 1970, unapanda kupita mita 1,600 juu ya bahari, juu ya sehemu kubwa ya ukungu wa ziwa, na darubini ya sentimita 20 au 30 ingetosha kwa kazi ambayo wakubwa hawana nafasi ya kuifanya kila usiku. Katika mwaka 2000 nyota ya Delta katika kundi la Akrabu, iliyokuwa imetulia kwa muda wote uliokumbukwa, iliongezeka mwangaza, na wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Sebastián Otero wa Argentina, mtu wa kupenda nyota tu. Ilikuwa imejivika pete ya gesi, na mstari mwekundu wa haidrojeni katika spektra yake ukawaka badala ya kuwa mweusi. Tangu hapo inatazamwa na watu wengi wenye darubini ndogo, na spektra zao hupokewa na kuhifadhiwa katika kituo cha Meudon karibu na Paris. Lakini kati ya watazamaji wa Ulaya na wale wa kusini kabisa mwa bara, Afrika ya kati ina pengo kubwa.

Akrabu hupita karibu na utosi wa Kilwa katika usiku wa kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, moshi haujashika. Nyota hiyo ya Delta ina mwenzi anayeizunguka kwa njia ndefu iliyobanana, kila baada ya miaka ipatayo 10 na miezi 10. Alipita karibu nayo mwaka 2000, akapita tena 2011, na tena 2022. Atarudi karibu na mwanzo wa 2033, katikati ya masika, Akrabu ikionekana kabla ya mapambazuko. Na atakayetaka kuitia mwanyani kutoka Kilwa katika majuma hayo itambidi awe na chombo kilichokwisha kusawazishwa tangu kiangazi kilichotangulia, na turubai la kukifunikia mvua.